Visual Studio: Toleo la Bure na Matoleo ya Kulipia

Visual Studio ni mkusanyiko wa zana za kuandikia programu za kompyuta, uliotolewa kwanza na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka 1997, nao hupatikana kwa matoleo matatu: Community, lisilolipiwa, na Professional na Enterprise, yanayolipiwa.

Asili ya toleo la bure

Mwaka 2005 lilitoka toleo la Express, na Aprili 2006 likatangazwa kuwa la bure daima. Walakini bure hiyo ilikuwa finyu, kwani hapo mwanzo kila lugha ya kuandikia programu ilikuwa na Express yake mbali, na viongezo vya watungaji wa nje havikuruhusiwa, hata mwaka 2007 mawakili wa kampuni wakamwandikia mtunzi wa TestDriven.NET wakimtaka akiondoe kiongezo chake katika Express. Dhiki hiyo iliondoka tarehe 12 Novemba 2014, ilipozinduliwa Community, yenye takriban kila kilichokuwamo katika Professional.

Masharti ya leseni

Maadamu tofauti ya zana baina ya Community na Professional ni hafifu, anunuaye Professional aghalabu hununua ruhusa kuliko uwezo, na kwa sababu hiyo leseni ndiyo ipasayo kusomwa kwa makini kabla ya orodha ya zana. Kwa Community, mtu binafsi ameruhusiwa kutungia programu zake mwenyewe, ziwe za kuuza au za kutoa bure. Shirika dogo laruhusiwa watumiaji wasiozidi 5. Ama shirika lenye kompyuta au watumiaji zaidi ya 250, au mapato ya mwaka yapitayo dola 1,000,000 za Marekani, halina ruhusa ila kwa mafunzo ya darasani, utafiti wa kitaaluma, programu huria na mambo machache mengine. Na sharti hilo humshika hata fundi wa mkataba alifanyiaye kazi shirika hilo, jambo ambalo wengi hughafilika nalo, wakidhani ya kuwa kompyuta ikiwa yao basi na idhini ni yao.

Enterprise

Toleo la Enterprise lina zana za ziada kama IntelliTrace, ihifadhiyo mwenendo wa programu ili kosa litafutwe kwa kurudi nyuma.

Hali ya sasa

Visual Studio 2022, iliyotoka Novemba 2021, ingali na matoleo hayo matatu.