Kwa nini VVU huua hata seli ambazo havijaziingia

Kinga ya mtoto hutegemea sana seli nyeupe za damu ziitwazo CD4. VVU huingia ndani ya seli hizi na kuzaliana humo. Hata hivyo, nyingi kati ya CD4 zinazokufa hazina virusi ndani yake. Sababu mojawapo ni protini za virusi hivyo.

Protini hizi hufanya nini?

Protini ya gp120 iko juu ya ganda la kirusi na ndiyo inayoshika seli ya CD4. Nyingine, Tat, hutoka kwenye seli iliyoambukizwa na kuingia seli jirani. Zote mbili huongeza kemikali kali zitokanazo na oksijeni. Kwa kawaida seli hutoa kemikali hizi kidogo inapogeuza chakula kuwa nguvu, na ina kinga yake ya kuzipunguza. Zikizidi kinga hiyo, huharibu utando wa seli, vinasaba na mitokondria, yaani sehemu zinazozalisha nguvu. Hali hii huitwa mkazo oksidishi. Seli ikishindwa kujirekebisha, hujiua.

Seli za ubongo nazo huumizwa. Ndiyo maana mtoto mwenye VVU asiyetibiwa anaweza kuchelewa kukaa, kutembea au kuongea.

Je, vitamini zinatosha?

Hapana. Matunda na mboga hujenga mwili, lakini vidonge vya vitamini na dawa za "kusafisha damu" havizuii virusi kuzaliana. ARV huzuia. Virusi vikipungua, protini zake nazo hupungua.

Kwa nini tusisubiri dalili?

Bila matibabu, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kuwaanzishia watoto wachanga ARV mapema, hata wakionekana wazima, kulipunguza vifo kwa asilimia 76.

Mambo ya kufanya

- Kama una VVU, mpeleke mtoto kupimwa akiwa na wiki 4 hadi 6.
- Akikutwa na VVU, aanze ARV mara moja.
- Usiruke dozi. Akitapika dawa, uliza kituo cha afya.
- Endelea kumeza ARV zako unaponyonyesha.
- Asipokutwa na VVU, mrudishe kupimwa kwa tarehe ulizopangiwa, hadi kipimo cha mwisho baada ya kuacha kunyonya.