Kibati Shingoni, Faili Kabatini

Siku chache kabla ya uchaguzi wa Novemba 1936, magazeti ya Hearst kule Marekani yalitoa habari ya kutisha: mpango mpya wa Rais Roosevelt wa hifadhi ya jamii utamvalisha kila mfanyakazi kibati shingoni.

Mwaka huohuo Nairobi, mwanamume Mwafrika hakuhitaji gazeti kumwelezea. Alikuwa nacho tayari. Kipande kilikuwa na alama za vidole, jina la mdosi na mshahara. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Polisi alikisoma popote barabarani, na ukitoroka kazi, rekodi ileile ilitumika kukusaka.

Wamarekani wao hawakuvalishwa kitu. Kuna kampuni iliyopendekeza vibati, bodi ikakataa, watu wakapewa kadi za karatasi kupitia posta. Lakini hofu yao haikuwa ya kijinga. Fomu iliuliza umri, mwajiri, hata wazazi. Je, yule aliyedanganya umri ili apate kazi? Na yule aliyefutwa kwa sababu ya chama cha wafanyakazi? Ndiyo maana fomu iliweza kurudishwa kupitia posta ama chama, bila mdosi kuiona.

Juni 1937 bodi ikaandika kanuni yake ya kwanza kabisa, na ilihusu siri: faili hazitolewi. Mlango uliachwa wazi kwa maafisa wa Hazina waliokusanya kodi ya mpango wenyewe. Mlango huo ulikuwa lazima. Bila kulinganisha rekodi, utajuaje kama mdosi aliyekata mshahara alipeleka pesa?

Hapa kwetu NSSF ilianza 1965, na sheria yake ikawapa wakaguzi nguvu ya kuingia kazini na kudai vitabu vya mishahara. Wengi wetu tukisikia serikali inapekua rekodi tunashtuka, na historia inatupa sababu. Lakini bila mkaguzi, kuna wadosi ambao wangekata kila mwezi na kula bila wasiwasi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 havijafunga mlango huo. Vinadai uwe na sababu.

Kwa hivyo siku afisa akifungua faili yenye jina lako, usiulize tu nani amemruhusu. Uliza anamtafuta nani. Kipande kilimtafuta mfanyakazi. Faili ya pensheni iliwekwa imtafute mdosi.