Kabla Uniambie "Kanisa Si Mahali pa Siasa"

Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 25 Juni 2024, pasta wetu wa vijana alifungua Warumi 13 akatuambia tutii mamlaka. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, jaketi yangu bado inanuka gesi ya Jumanne. Hiyo mahubiri ningeivumilia. Kilichoniuma ni sentensi moja aliyotupa mwishoni: ati sisi ni watu wa kiinjili, tunaamini Biblia, siasa tuwaachie "wale wengine".

Wale wengine akina nani? Nimekaa na hilo swali muda mrefu kuliko nilivyokaa chuoni (niliacha mwaka wa pili, karo, mnajua hiyo story). Mimi si mwanahistoria. Niko tu na simu na muda. Lakini nimesoma ya kutosha kujua kwamba pasta wangu alikosea, kwa sababu vita hivi havikuwa kati ya watu wa Biblia na watu wa siasa. Watu wa Biblia walipigana wao kwa wao.

Anzeni na David Gitari. Mtoto wa Kirinyaga, alizaliwa 1937. Kabla awe askofu alifanya kazi na wanafunzi wa vyuo wa kiinjili kupitia PAFES, halafu akawa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya. Yaani kazi yake ilikuwa Biblia, literally kuisambaza. Mwezi wa tatu 1975, mwili wa J.M. Kariuki, mbunge aliyekuwa akiisema serikali ya Kenyatta, ulipatikana Ngong ukiwa na alama za risasi. Nchi ikanyamaza kwa uoga. Gitari alikuwa na nafasi ya kutoa mahubiri mafupi ya asubuhi kwenye redio ya Sauti ya Kenya, na akachagua kuongea kuhusu Kaini na Abeli. Ndugu yako yuko wapi? Hakuhitaji kutaja jina la JM. Kila mtu aliyekuwa anakunywa chai hiyo asubuhi alijua.

Mwaka huo huo akawekwa wakfu kuwa askofu wa Anglikana, dayosisi ya Mount Kenya East.

Sasa, ili muelewe kwa nini wengine waliokoka kama yeye waliona hii ni hatari, lazima tutoke Kenya kidogo. Julai 1974 viongozi wa kiinjili kama 2,400 kutoka nchi karibu 150 walikutana Lausanne, Uswisi. Aliyewaita ni Billy Graham, Mmarekani mwenye mikutano ya kujaza viwanja. Ajenda ilikuwa kuhubiri dunia nzima. Lakini watu wa Amerika ya Kusini, hasa René Padilla na Samuel Escobar, waliamka wakasema injili isiyosema kitu kuhusu dhuluma ni nusu injili. Hapo watu wakatoka jasho. Tamko lililoandikwa chini ya John Stott, Mwanglikana wa Uingereza, liliweka kifungu cha tano kinachokiri kwamba kuhubiri na kushughulikia jamii na siasa yote ni wajibu wa Mkristo, na kutubu kwa sababu walikuwa wameyatenganisha. Halafu kifungu cha sita kikasema kuhubiri ndiko kwa kwanza. Unaona? Kila upande ulirudi nyumbani na mstari wake. Miezi sita baadaye, Januari 1975 huko Mexico City, kamati iliyofuatilia kongamano iligongana tena: Graham alitaka wakae kwenye uinjilisti tu, na Stott akatishia kujiuzulu.

Mkenya John Gatu wa PCEA pia alikuwa Lausanne. Huyu ndiye alishtua wazungu 1971 kwa kuwaambia wamisionari na pesa zao wapumzike kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame yenyewe. Huyo mzee anahitaji posti yake, nitarudi kwake.

Na si haki kuwafanya wahafidhina wote kuwa vibaraka wa serikali. Niliingia nikitaka iwe hivyo, ingekuwa video tamu sana, lakini haikai. Chukua Byang Kato, Mnigeria aliyekuwa anaongoza umoja wa makanisa ya kiinjili ya Afrika akiwa na ofisi hapa Nairobi. Aliogopa kwamba ukianza kuchanganya injili na siasa na mila, mwisho utabaki na kila kitu isipokuwa Yesu. Kitabu chake cha 1975 kilimshambulia wazi John Mbiti, mwanateolojia Mkenya. Mwisho wa mwaka huo huo Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu KICC, na kwa watu kama Kato hiyo ilikuwa kama jirani usiyemwamini kufungua duka mbele ya mlango wako. Desemba 1975 Kato alikufa maji akiogelea Mombasa, hata miaka 40 hakuwa amefika. Uoga wake ulikuwa wa kweli. Alikuwa analinda kitu.

Tatizo ni kile uoga huo ulitumiwa kufanya baadaye.

1986. KANU ya Moi inaamua kwamba katika uteuzi wa wagombea, hakuna tena karatasi ya siri. Unasimama nyuma ya mgombea wako au ajenti wake aliyebeba picha, mchana kweupe, chifu akikuangalia. Mlolongo. Agosti mwaka huo wachungaji kama 1,200 wa NCCK, lile baraza la makanisa ya Kenya, walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta wakasema hapana. Sababu yao ilikuwa ya kichungaji kabisa: nikisimama nyuma ya mgombea mmoja, Jumapili nitawalishaje wale waliosimama nyuma ya mwingine? Serikali ikawaka.

Na hapa ndipo familia ya kiinjili ilipasuka. Africa Inland Church, kanisa ambalo Moi mwenyewe alikuwa mshirika, lilitoka NCCK. Africa Gospel Church pia. Walisema baraza limeingia siasa. Mimi nimejaribu kuisoma hiyo hoja kwa huruma na bado sipati. Rais anakaa kanisani kwako kila wiki, serikali yake inabadilisha namna ya kupiga kura, wenzako wanapinga, wewe unatoka kwa wenzako. Hiyo si kukaa nje ya siasa. Umesimama kwenye mlolongo, na kila mtu ameona ni nyuma ya nani.

Gitari aliendelea. Alihubiri Danieli kwenye tundu la simba, wanasiasa wakakasirika kama wamesikia majina yao. Alihubiri Nabothi aliyenyang'anywa shamba na mfalme, wakati ardhi ya umma ilikuwa inagawanywa kama sigara. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa akapiga nduru hadi majirani wakaja. Alexander Muge, askofu wa Anglikana Eldoret, aliyewahi kuwa askari wa GSU kabla ya kuwa kasisi, hakupata majirani. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alienda. Akirudi, gari lake liligongana na lori, akafa. Okondo akajiuzulu.

Muge na Gitari walikuwa na Biblia ile ile waliyokuwa nayo wale waliotoka NCCK. Waliamini kuokoka. Usiwaone kama watu wa "kisasa" waliochoka na maandiko. Hata Gitari alipotetea wanaume wenye wake wengi kubatizwa bila kufukuza wake zao, jambo ambalo Waanglikana walilikubali Lambeth 1988 kwa masharti, hoja zake zilikuwa za mtu anayebishana na Biblia mkononi: huyo mke wa pili na watoto wake, injili inawatupa barabarani?

Nilimuuliza susu yangu, Machakos, kuhusu 1988, uchaguzi wenyewe wa mlolongo. Alicheka kwanza. Alisimama kwenye mlolongo mrefu, akasema, hadi kwa mti wa mwembe. Mlolongo mfupi ukatangazwa mshindi. Nikamuuliza Jumapili iliyofuata kanisani kwao walisema nini. Alifikiri kidogo, akaendelea kuchambua maharagwe.

"Tuliimba," akasema.

Juzi nilimtumia pasta wa vijana hii yote, kwa voice note tatu ndefu, pole yake. Alijibu kwa upole kuliko nilivyotarajia. Ameniambia nije nichukue dakika kumi na tano kwenye ibada ya vijana mwezi ujao, bora nisitaje mwanasiasa yeyote. Nimemwambia sawa, sitataja hata mmoja. Nitasoma tu 1 Wafalme 21, ile ya shamba la Nabothi, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, halafu nikae.

Tangu jana ni tiki mbili za bluu.