Maneno Manne: Historia ya Kipimo cha Akili Kilichojaribiwa Kampala

Mwaka 2005, Ned Sacktor na wenzake, miongoni mwao Noeline Nakasujja, Seggane Musisi na Elly Katabira wa Makerere, walichapisha kipimo kifupi cha kubaini kudhoofika kwa akili kunakosababishwa na virusi vya UKIMWI. Walikuwa wamekijaribu kwa wagonjwa wa Baltimore, Marekani, na wa Kampala. Kipimo kilichokitangulia, cha mwaka 1995, kilimtaka mgonjwa aandike alfabeti kwa kasi na kunakili mchoro wa mchemraba, kazi zinazopima shule aliyosoma mtu kabla hazijapima akili yake. Kipimo kipya kilibakiza mambo matatu: kugonganisha vidole upesi, kubadilisha mikao ya mkono kwa mfuatano, na kukumbuka maneno manne.

Uamuzi uliotokana na kipimo haukuwa mdogo. Katika ngazi za ugonjwa zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani, kudhoofika kwa akili kulikuwa katika ngazi ya nne, na mgonjwa wa ngazi hiyo alistahili dawa bila kusubiri hesabu ya chembe za kinga. Aliyekosewa kutambuliwa alikosa njia mojawapo ya kuzifikia dawa hizo.

Matokeo yalipokelewa kwa matumaini. Kwa mpaka wa alama 10 kati ya 12, kipimo kiliwanasa asilimia 80 ya wenye ugonjwa katika miji yote miwili, na kiliwaondoa kwa usahihi wasio nao kwa asilimia 57 Baltimore na 55 Kampala. Ukaribu huo ulielekea kusomwa kama ushahidi kwamba lugha imevukwa. Hitimisho hilo linazidi ushahidi wake: tarakimu mbili zaweza kulingana ilhali makosa yaliyozizaa yanatoka kwingine kabisa. Karibu nusu ya watu wasio na ugonjwa walitiwa shaka, na asilimia peke yake haisemi nani alishindwa na vidole, nani na maneno.

Maneno yenyewe, kwa Kiswahili, ni mbwa, kofia, haragwe na nyekundu. Matatu ni nomino; la nne ni kivumishi, na katika lugha za Kibantu kivumishi hakisimami bila upatanisho. Umbo "nyekundu" linapatana na kofia, halipatani na haragwe. Msikilizaji hupokea "kofia nyekundu" bila kutaka, na mzigo wa kumbukumbu unapungua kutoka vitu vinne hadi vitatu. Kiingereza hakimpi mgonjwa wa Baltimore msaada huo wa kisarufi. Tena "haragwe" katika umoja ni nadra kinywani mwa watu. Hupikwa na kuuzwa maharagwe. Mgonjwa akisahau, hupewa dokezo: mnyama, vazi, mboga, rangi. Hapo "mboga" ni kitoweleo chochote, hata samaki, kwa wasemaji wengi. Dokezo lililokusudiwa kubana linapanua.

Uganda haikuwa ngeni kwa swali hili. John Orley, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu Baganda, alianza na majina yao wenyewe ya maradhi: eddalu, ensimbu, obusiru, kantalooze. Miaka michache baadaye yeye na John Wing walitumia mahojiano ya kitabibu ya Uingereza, yakiwa kwa Kiganda, katika vijiji viwili, wakachapisha matokeo mwaka 1979. Paul Bolton na wenzake, kusini-magharibi mwa nchi, waliwauliza wanakijiji kwanza, wakapata okwekubazida na y'okwekyawa kabla ya kurekebisha dodoso la sonona. Njia hii ya pili ni ndefu, na ndiyo inayofaa kuigwa.

Mwaka huohuo wa 2005 marekebisho ya Katiba yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na wodi za Kampala huwapokea Wakongo wanaokisema kila siku. Kwa vipimo vya kuweweseka, ambavyo huulizwa mgonjwa aliyechanganyikiwa tayari, hatari ni kubwa zaidi. Toleo la Kiswahili linahitaji nomino nne za ngeli tofauti, zilizojaribiwa kwanza kwa wasemaji wenye afya wa Kampala wenyewe, na alama za kila sehemu zitolewe peke yake.