Kamati isiyoamuru: historia ya mwafaka wa tabianchi Uingereza

Kamati ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Uingereza haitozi kodi, haifungi mtambo wala haimwamuru waziri. Kazi yake ni kushauri na kukagua. Pamoja na hayo, tangu mwaka 2008 ndiyo iliyokuwa nguzo ya mwafaka kati ya vyama ambavyo kwa mambo mengine havipikiki chungu kimoja.

Suala la tabianchi nchini humo halikuwa mali ya chama kimoja. Margaret Thatcher wa chama cha Conservative, aliyesomea kemia, alilizungumzia mbele ya wanasayansi wa Royal Society mwaka 1988. Mwaka 2000 tume ya kifalme ya uchafuzi wa mazingira ilipendekeza utoaji wa hewa ukaa upunguzwe kwa asilimia 60 ifikapo 2050, na serikali ya Labour ikalikubali lengo hilo. Tatizo ni kwamba lengo lililoandikwa kwenye waraka wa sera halimbani mtu. Serikali hiyohiyo ilikuwa imeahidi kupunguza asilimia 20 kufikia 2010, na mwaka 2006 ikakiri kwamba haitafika.

Shinikizo lilitoka nje ya serikali. Mwaka 2005 shirika la Friends of the Earth lilianzisha kampeni ya kudai sheria, na wabunge watatu wa vyama vitatu wakaibeba bungeni: Michael Meacher wa Labour, John Gummer wa Conservative na Norman Baker wa Liberal Democrats. Wabunge 412 kati ya 646 walitia saini hoja ya kuiunga mkono. Desemba mwaka huo David Cameron alichukua uongozi wa Conservative, na miezi michache baadaye akasafiri hadi Svalbard, kwenye barafu ya kaskazini ya Norwei, kuonyesha kwamba chama chake kimebadilika. Kuanzia hapo kila chama kilichelea kuachwa nyuma. Mwafaka huu, kwa hiyo, haukutokana na upole wa wanasiasa. Ulizaliwa na ushindani wao.

Rasimu ya muswada ilitolewa Machi 2007. Ilipendekeza kuundwa kwa Kamati ya wataalamu, wakiwemo wanasayansi na wachumi, wasiowakilisha chama chochote. Ilipofika Oktoba 2008, mwenyekiti wake Adair Turner alimwandikia waziri barua akishauri lengo lipandishwe kutoka asilimia 60 hadi 80 chini ya kiwango cha 1990. Waziri, Ed Miliband, alikubali ndani ya siku chache. Usiku wa tarehe 28 mwezi huo Bunge la Makabwela lilipiga kura, huku nje theluji ikiangukia London, jambo ambalo halikuwa limetokea mwezi Oktoba kwa zaidi ya miaka 70. Waliounga mkono walikuwa 463, waliopinga 3.

Nguvu ya sheria hiyo imo katika utaratibu wake. Kamati hupendekeza bajeti ya kaboni, yaani kiwango cha juu cha gesijoto ambacho nchi nzima inaruhusiwa kutoa katika miaka mitano. Bajeti hupangwa miaka mingi kabla, ili isitegemee mzunguko wa uchaguzi. Serikali ikikataa ushauri ni lazima ieleze sababu hadharani, na bajeti ikishapitishwa haibadilishwi ila hali yenyewe iwe imebadilika kwa kiasi kikubwa.

Mtihani mgumu ulikuja mwaka 2011, wakati wa serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats. Bajeti ya nne, ya 2023 hadi 2027, ililigawa baraza la mawaziri, na mpasuko haukufuata vyama: Chris Huhne wa Liberal Democrats, waziri wa nishati, aliitetea, na Vince Cable, waziri wa biashara wa chama hichohicho, akaipinga. Cameron, aliyekuwa sasa waziri mkuu, aliikubali kwa sharti kwamba ipitiwe upya mwaka 2014. Ilipopitiwa, Kamati, ambayo sasa iliongozwa na yuleyule John Gummer kwa jina la Lord Deben, ilionyesha kwamba hakuna sababu ya kisheria ya kuilegeza. Bajeti ikabaki kama ilivyo.

Mwaka 2019, kwa ushauri wa Kamati, serikali ya Theresa May ilipandisha lengo hadi utoaji halisi wa sifuri, yaani gesijoto inayotolewa isizidi inayoondolewa hewani, ifikapo 2050, na wabunge wakalipitisha bila hata kuhesabu kura. Hapo ndipo udhaifu wa mwafaka ulipojificha: vyama vilikubaliana juu ya mwisho wa safari, si juu ya nani alipe nauli. Julai 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango wa serikali haukueleza vya kutosha namna malengo yatakavyofikiwa. Mwaka uliofuata waziri mkuu Rishi Sunak alisogeza marufuku ya kuuza magari mapya ya petroli na dizeli kutoka 2030 hadi 2035.

Oktoba 2025 kiongozi wa Conservative, Kemi Badenoch, alitangaza kwamba chama chake kikishika madaraka kitaifuta sheria yenyewe. Theresa May, wa chama hichohicho, alikuwa miongoni mwa waliompinga. Maadamu haijafutwa, Kamati inawajibika kupeleka ripoti yake bungeni kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na serikali, ya chama chochote, iijibu ifikapo tarehe 15 Oktoba.