Behewa la Mwisho

Reli inayotoka Voi kwenda Taveta inapita hapa Mwatate. Waingereza walianza kuijenga 1915, vita vikiwa moto, ili kusogeza askari na mizigo. Kwenye reli zao kulikuwa na kanuni moja ninayoipenda: mtu wa ishara hafungulii njia treni inayofuata mpaka aione kwa macho yake taa ya behewa la mwisho la ile iliyopita. Asipoiona, huenda behewa limekatika na liko njiani gizani.

Lugha ya C haikupewa taa hiyo. Dennis Ritchie aliiunda mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Bell Labs, Marekani. Safu, yaani data iliyopangwa mfululizo kwenye memori, ni kama mabehewa. Ukiikabidhi kwa fankisheni, kinachopita ni anwani ya behewa la kwanza tu. Yako mangapi? Hiyo ni juu yako. Nikiwa kampasi, kabla sijaacha, niliandika luupu iliyogusa behewa moja zaidi. Siku tatu ikanipa majibu sahihi, ya nne ikaleta takataka. Mimi nilipoteza maksi tu. Lakini keneli, kile kiini cha mfumo, inafikia memori yote ya mashine. Na Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds 1991, ndiyo keneli ya kila simu ya Android, hata ya mama mboga pale stendi.

Ritchie mwenyewe aliliona tatizo. Mwaka 1990 alipendekeza pointa inayotembea na ukubwa wa safu yake. Haikupita. Badala yake kiwango cha 1999 kikaleta safu ambazo urefu wake unaamuliwa programu ikiwa tayari inakimbia. Tamu kuandika, bana. Shida ni kwamba zinakaa kwenye staki, na ya keneli ni finyu: kilobaiti 16 kwa mashine za kawaida za biti 64. Namba ikitoka kwa mtu mbaya, safu inaruka ukingo na kutua kwa wenyewe.

Ukiamini namba ya mgeni unapata Heartbleed ya 2014. Haikuwa keneli, ilikuwa OpenSSL, ila ugonjwa ni uleule: mtu anatuma herufi chache, anadai ni kilobaiti 64, na seva inamrudishia zote pamoja na siri zilizokuwa jirani.

Mwaka 2018 Kees Cook na wenzake waliziondoa safu za staki kwenye Linux, moja baada ya nyingine. Kufikia toleo la 4.20, Desemba hiyo, kompaila ikawa inalalamika ukiandika mpya.

Ukabaki mkia: safu zinazoning'inia mwisho wa strakti. Mara nyingi kihesabio kiko palepale ndani, lakini kompaila haikujua ni cha nani. Mwaka 2023 keneli ikaanza kubandika lebo, `__counted_by`, kabla hata ya kompaila za kuisoma kutoka. Clang 18 ilikuja 2024, GCC 15 mwaka 2025. Sasa ukaguzi ukiwashwa, kugusa cha saba kwenye safu ya sita kunanaswa.

Ila lazima uandike hesabu kwanza. Ukianza kupakia kihesabio kikiwa bado sifuri, kengele inakulilia wewe usiye na kosa. Na lebo inabandikwa na binadamu: akitaja kihesabio cha safu nyingine, kompaila itamwamini.