Tochi yenye mwanga mkali: anza kuchagua betri, halafu taa

Kisangani iko karibu sana na mstari wa Ekweta. Mwaka mzima jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu ya jioni, na giza linaingia mbio. Usiku wetu ni wa karibu saa kumi na mbili. Mji uko na bwawa lake la umeme pale kwenye mto Tshopo, lakini kila mkaaji wa Mangobo, Kabondo ao Lubunga anajua: kuna usiku umeme unakuja, kuna usiku haukuji, na kuna katiye ambamo waya haujafika bado. Ndiyo sababu tochi si kitu cha starehe kwetu. Ni chombo cha kazi, sawa jembe ao sufuria.

Wasikilizaji wengi wanatuuliza: ni tochi gani iko na mwanga mkali, na inatumia betri za kuchaji ambazo mtu anaweza kupata hapa hapa? Jibu letu ni fupi: usianze kwa kutazama tochi. Anza kwa kutazama betri. Tochi nzuri ambayo betri yake haipatikani Kisangani, ao haiwezi kuchajiwa katika katiye yako, baada ya miezi michache ni chuma tu.

Aina nne za betri utakazokuta sokoni

1. Betri kubwa za kutupa, zile za R20, ambazo wengi wetu tulikua nazo katika tochi ya baba. Kwenye kila butiki zipo. Ubaya wake: mwanga unapungua kidogo kidogo toka siku ya kwanza, na ukiisha unanunua tena. Watu wanazianika juani ili zipate nguvu. Ni kweli, joto linazipa nguvu kidogo kwa muda mfupi, lakini jua halizijazi tena. Na usizikaribishe na moto hata siku moja, zinaweza kupasuka.

2. Betri ndogo za kuchaji, R6 (wengine wanaita AA) na R03 (AAA). Juu yake kumeandikwa NiMH. Nguvu yake ni volti 1.2, tofauti na volti 1.5 ya zile za kutupa, lakini tochi nyingi za LED zinazikubali bila shida. R6 nzuri inabeba karibu mAh 2,000. mAh ni kipimo cha ukubwa wa tangi: namba ikiwa kubwa, na ikiwa ya kweli, betri inadumu zaidi.

3. Betri za lithiamu, na inayojulikana zaidi inaitwa 18650. Jina hilo ni vipimo vyake tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Moja iko na volti 3.6 ao 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Ni betri hizi zilizo ndani ya kompyuta nyingi za zamani za kubeba. Nyingi zinatengenezwa na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Madini yanaondoka kwetu, yanaturudilia ndani ya tochi.

4. Betri ya risasi iliyofungwa ndani ya tochi, zile tochi za plastiki zenye meno ya kuchomeka ukutani. Ni za bei ya chini na mwanzoni zinawaka vizuri. Lakini betri ya risasi haipendi kulala njaa: ukiiacha tupu wiki mbili tatu, inaharibika ndani na haijai tena. Pale umeme unapokosekana siku nyingi, tochi hizi zinakufa upesi, na betri yake si rahisi kubadilisha.

Kwa mtu wa nyumbani, chaguo letu ni R6 za kuchaji. Kwa nini? Siku chaja imekosa umeme, unaweza kununua R6 za kutupa kwenye butiki ya jirani na tochi ile ile inawaka. Kwa mtu anayehitaji mwanga wa mbali na wa muda mrefu, kama mlinzi, wamotari ao msafiri wa mto, 18650 iko na nguvu zaidi, lakini inadai uangalifu.

Tupige hesabu ya mfuko

Bei zinabadilika, kwa hiyo tusihesabu kwa franka. Tuseme betri moja ya kutupa ni kipande kimoja. Tuseme ya kuchaji ni vipande sita, na chaja ni vipande kumi. Betri mbili na chaja ni vipande 22. Kama ulizoea kununua betri mbili kila wiki, ulikuwa unatoa vipande viwili. Baada ya wiki 11 umerudisha pesa yako yote.

Kama unalipa nyumba ya kuchajia, hesabu na hiyo. Tuseme kila wiki unalipa nusu kipande: unabakiza kipande kimoja na nusu, na pesa inarudi baada ya wiki 15 hivi. Kisha hapo ni faida, sababu betri nzuri ya NiMH inachajiwa mara mamia. Weka bei za soko lako mahali pa vipande, utaona mwenyewe.

Namba kwenye boksi zinadanganya

Mwanga unapimwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja unatoa lumeni kama 12. Kutembea barabarani usiku, lumeni 50 mpaka 100 zinatosha. Kuangaza uwanja ao kutafuta kivuko, 200 mpaka 300 ni nyingi. Lakini sokoni utaona boksi limeandikwa lumeni 10,000, ata 100,000, kwa tochi inayoingia mfukoni.

Tufanye akili ya kawaida. Taa nzuri ya LED inatoa karibu lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 10,000 zinaomba wati 100. Betri moja ya 18650 yenye mAh 2,500 iko na nguvu ya wati 9 hivi kwa saa moja. Kwa wati 100 ingeisha kwa dakika tano ao sita, na tochi ingekuunguza mkono. Kwa hiyo namba ile ni ya kuuzia tu.

Hesabu ile ile inakusaidia kujua tochi ya kweli itadumu saa ngapi. Betri mbili za R6 za mAh 2,000 zinaweza kutoa lumeni 100 kwa karibu saa nne. 18650 moja ya mAh 2,500 inaweza kutoa lumeni hizo kwa saa saba na zaidi, ao lumeni 300 kwa saa mbili na nusu.

Na namba za betri pia. Mimi mwenyewe nilinunua 18650 iliyoandikwa mAh 9,900. Nilifurahi, nikaona nimepata bahati. Jioni moja nilikuwa natoka Lubunga kwa mtumbwi, tochi ikazimika katikati ya mto, hata nusu saa haijapita. Yule mpiga kasia aliongozwa na taa za ng'ambo tu. Siku ile nilijifunza kwamba 18650 za kawaida zilizo nzuri hazipite karibu mAh 3,500, na zile mpya kabisa zinafika karibu 4,000. Yoyote inayoandika 5,000, 6,800 ao 9,900 inasema uongo.

Kuna kipimo rahisi: uzito. 18650 ya kweli iko na gramu karibu 45 mpaka 48. Nyingi za uongo ni nyepesi sana, sababu ndani mna kitu kidogo. Mji wetu haukosi mizani ndogo, wanunuzi wa dhahabu wanazo. Omba mmoja akupimie.

Mwanga wa mbali ao mwanga wa karibu?

Lumeni inasema mwanga ni mwingi, haisemi unafika wapi. Tochi yenye kioo kirefu na kipana inakusanya mwanga na kuutupa mbali: nzuri kwa mlinzi, na kwa kuangalia ng'ambo ya mto. Tochi yenye kioo kifupi inatawanya mwanga karibu: nzuri kwa jikoni, kwa watoto wanaosoma, kwa kutembea na kuona nyoka ao shimo mbele ya miguu.

Kwa wavuvi wa Wagenia na kwa wauguzi, tochi ya kichwa inafaa kuliko ya mkono, sababu mikono inabaki huru. Mama mzalishaji anayepokea mtoto usiku hawezi kushika tochi kwa meno. Kwake tunashauri mwanga mweupe unaoelekea njano kidogo, si ule wa bluu. Mwanga wa bluu unabadilisha rangi ya ngozi na ya damu, na kazini kwake rangi ile ni habari. Na awe na jozi mbili za betri: moja ndani ya tochi, moja imejaa ndani ya mfuko.

Jozi ya pili si anasa. Betri ya NiMH inashika mwanga wake karibu sawa mpaka mwisho, kisha inazimika ghafla. Haikuonyi mapema kama zile za kutupa.

Kwa watu wa mto, tafuta maandishi IPX kwenye boksi. IPX4 inavumilia mvua. IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Na wakati wa ukungu, usiinue tochi usawa wa macho: mwanga unagonga ukungu na kukurudilia. Ishushe chini, kwenye kiuno.

Mbele ya muuzaji, fanya hivi

- Omba awashe tochi mbele yako kwa dakika tano, si kwa sekunde moja. Ikishuka sana ao ikipata moto mkali, iache.
- Itikise kidogo ikiwa inawaka. Ikizimika-zimika, swichi ao chemchemi ni mbaya.
- Fungua mahali pa betri. Tafuta kutu, na uangalie kama betri inatoka. Isiyotoka haibadilishwi.
- Uliza chaja yake: inatumia waya wa USB wa simu? Kama ndiyo, utaichaji kwenye paneli ya jua, kwenye pikipiki yenye chaja, ao kwenye nyumba ya kuchajia.
- Chagua yenye ngazi mbili ao tatu za mwanga. Ngazi ya chini ndiyo utakayotumia usiku mwingi.

Kutunza, na hatari za kuepuka

Usichanganye betri mpya na ya zamani, wala aina mbili tofauti. Ile dhaifu inavutwa na wenzake mpaka inaharibika. Usichaji betri ya kutupa. Kuna pia betri ya lithiamu yenye umbo kama R6, inaitwa 14500, ya volti 3.7: ukiiweka katika tochi ya R6 ya kawaida, unaweza kuunguza taa yake.

18650 isiwekwe mfukoni pamoja na funguo ao sarafu. Chuma kikigusa ncha zake mbili, inapata moto na inaweza kuwaka. Ile iliyobonyea, iliyovimba ao iliyochanika karatasi yake ya nje, usichaji. Wengi wanaitoa katika kompyuta zilizokufa. Inawezekana, lakini ifanywe na fundi mwenye kipimo, si kwa kubahatisha. Ichaji juu ya sahani ya chuma ao sakafu ya simenti, si juu ya kitanda, na usiiache inachaji wakati umelala. Kupata uvuguvugu ni kawaida. Ikishindwa kushikika kwa mkono, chomoa.

Tochi isiyotumika muda mrefu, toa betri ndani. Za kutupa zinavuja maji yanayokula chuma. Betri zilizokufa zisitupwe ndani ya moto wa takataka ambapo watoto wanacheza. Na vile vitochi vidogo vya funguo vyenye betri ya duara kama kifungo cha shati, uviweke mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza betri ile, inaweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje asubuhi, mpeleke hospitali mara moja.

Kwa kumaliza

Ukienda sokoni kesho, uliza swali la kwanza: "Betri yake ni ya aina gani, na nitaichaji wapi?" Muuzaji asipokuwa na jibu, shukuru na uendelee kwa mwingine. Betri nne za R6 za kuchaji, chaja ya USB, na tochi ya lumeni 100 za kweli zitakusindikiza usiku mwingi kuliko boksi lenye namba 100,000. Hasa ule usiku ambao mtoto amepata homa, na njia ya hospitali ni giza.